Mchanga wa Bethwel

Watu wa upande ule wa Roret walidhani Rodah alilichukia lile rundo la mchanga kuliko walivyolichukia wao. Walipopita barabarani asubuhi na kumwona ameketi kando yake juu ya jiwe, turubai limefunuliwa pembe moja, walisema mama wa watu anautazama msiba wake, wakaongeza mwendo. Hakuna aliyesimama kumuuliza. Na hata angeulizwa, asingesema.

Rundo lenyewe lilikuwa na kimo cha jiko lake la nje, na lilikuwa pana kuliko boma la ng'ombe. Lilikuwa jeusi, likimetameta jua likilipiga. Mvua ikinyesha, michirizi myeusi ilipenya chini ya nailoni na kuteremka mpaka kwenye chai. Mashina kumi na moja ya mstari wa chini yalikuwa yamekauka mpaka mizizi.

Mchanga huo ulitoka mtoni. Mwaka juzi, mwezi wa tano, Jumatano moja mchana, lori la tangi lililobeba mafuta mazito ya boila ya kiwanda cha chai liliacha barabara pale kwenye kona, likabingirika na kulala ubavu kwenye ukingo wa mto. Dereva alifia mle ndani ya kichwa cha lori kabla hajatolewa. Alikuwa Bethwel, mtoto wa pekee wa Rodah, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, na alikuwa amebakiza kilomita mbili tu apite mlangoni kwa mama yake.

Mafuta yalizama mchangani. Mwenye lori alileta vijana wenye mabuti na makoleo, wakachimba mchanga wote uliolowa. Walipotafuta pa kuuweka, mahali pa karibu penye tambarare na njia ya gari palikuwa shambani kwa Rodah. Walikuja kumwomba siku nne baada ya mazishi. Siku zile hakuwa akisikia vizuri anachoambiwa, aliitikia tu. Wakatandika nailoni, wakamwaga, wakafunika turubai, wakasema ni wiki mbili. Hawakurudi tena. Namba ya simu waliyomwachia ikawa haipatikani.

Kwa miezi minane ng'ombe wa majirani hawakunywa maji ya mto ule. Walipelekwa kisimani mbali, asubuhi na jioni, na kila aliyewaswaga alikuwa na la kusema. Wengi walisema Bethwel alilala kwenye usukani. Wengine walisema alikuwa amelewa, ingawa hakuonja pombe tangu abatizwe. Rodah alipofika kituo cha kununulia majani na kikapu chake mgongoni, mazungumzo yalikatika. Walimsalimia, ndiyo, na kumsogezea nafasi kwenye foleni. Lakini hakuna aliyemwambia pole. Utampaje mtu pole kwa jambo ambalo limekukosesha maji?

Aliyekuwa mkali kuliko wote ni mzee Johana, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Johana alikuwa amechimba na kuuza mchanga wa kona ile tangu ujana, na alikuwa rafiki wa marehemu mume wa Rodah, walitahiriwa pamoja. Hakuja kwenye mazishi. Na katika baraza la chifu alisimama, mbele ya watu wote, akasema familia iliyoleta uchafu ule iuondoe. Rodah alikuwa ameketi safu ya pili. Aliinamisha kichwa na kuvuta leso mabegani kana kwamba kulikuwa na baridi.

Mkwe wake, Joan, mke wa Bethwel, alivumilia mpaka mwisho wa mwaka. Kisha akamchukua binti yake mdogo, Chepngeno, akarudi kwao Mogogosiek. Hapakuwa na ugomvi. Alisema tu kwamba hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe miaka yote, na nyumba aliyokuwa akijengewa na mumewe ilikuwa bado ni msingi wa mawe, umeota nyasi.

Sasa hili ndilo Rodah hakulisema kwa mtu. Bethwel aliendesha malori ya mafuta kwa miaka tisa. Kila aliporudi nyumbani alinuka mafuta: koti lake, nywele zake, hata mkate aliomletea mama yake. Rodah alikuwa akimkemea, akimwambia avue koti nje kabla ya kuingia. Wiki ya msiba, akina mama wa kanisa walikuja kumsaidia kazi. Kwa wema wao walikusanya nguo zote za marehemu, wakazifua kwa sabuni nyingi, wakazianika uani na kuzikunja vizuri. Rodah alipoingia chumbani kuchukua koti lile ili alale nalo, alikuta linanuka sabuni.

Kwa hiyo kila asubuhi, akishakama ng'ombe, alikwenda kwenye rundo, akafunua pembe ya turubai na kuketi. Harufu ilipanda na joto la jua. Akifumba macho, ilikuwa kana kwamba mtu ameingia mlangoni na koti lake.

Mwezi wa pili mwaka huu, Oyoo alikuja kumwona. Oyoo alikuwa fundi wa kujenga, mtu wa zaidi ya miaka arobaini, mtoto wa wachuma chai waliotoka upande wa ziwa. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai na kukulia huku. Ndiye aliyeuweka msingi wa nyumba ya Bethwel. Alikaa kwenye benchi la jikoni, akapokea chai, akainywa mpaka nusu kabla ya kusema.

"Mama Bethwel, nimekuja juu ya ile mchanga."

"Imefanya nini?"

"Kuna mwalimu wa maabara huko Kericho, chuo cha ufundi. Anaitwa Madam Amolo. Nilimpelekea kidogo kwenye mkebe. Utanisamehe, nilichota pale kando bila kukuomba. Anasema mchanga iliyoingia mafuta si ya kutupa. Ukiichanganya na mchanga safi, na simenti, na jivu la boila ya kuni kutoka kiwandani, inashika. Mafuta inafungiwa ndani, haitoki tena. Tunaweza kufyatua matofali."

Rodah aliweka kikombe chake chini. "Na nani alikuambia nataka iondoke?"

Oyoo alimtazama, akidhani hakusikia vizuri. "Mama, imekuulia chai. Watu wanalalamika."

"Waache walalamike. Maliza chai yako, Oyoo."

Alimaliza, akasema kongoi kwa shukrani, akaenda. Lakini alirudi baada ya wiki mbili, na safari hii hakukaa kwenye benchi. Alisimama nje, mbele ya ule msingi wenye nyasi, akamwita mama wa watu atoke.

"Mimi niliuweka huu," alisema. "Mimi na Bethwel. Alikuwa ananipimia kamba akirudi safari, hata kabla ya kula. Aliniambia vyumba vitatu, na dirisha ya Chepngeno iangalie chai. Mama, hiyo mchanga ikitoa matofali, sitaki kuuza hata moja. Nitapandisha hizi kuta. Nitatengeneza nyumba ya Bethwel na mchanga yake."

Rodah alitembea mpaka pembe ya msingi, akang'oa nyasi kidogo, akazishika mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu msiba aliona kitu mbele yake badala ya nyuma: ukuta, dirisha, mtoto ndani. Harufu ile isingepotea. Ingeingia kwenye kuta, ikae na mtoto wake.

"Joan anaweza kurudi?" aliuliza, kama vile Oyoo angejua.

"Mpigie simu."

Alimpigia jioni ile. Joan akasema, "Mama, nyumba ikiwa na paa, tutakuja. Chepngeno anauliza kila siku kwa nini hatukai kwa kogo, bibi yake." Rodah aliishika simu sikioni hata baada ya Joan kukata.

Kazi ilianza mwezi wa tatu. Oyoo aliutandaza mchanga mweusi juani siku tatu mpaka ukaacha kunata, akauchekecha kwa waya. Koleo moja la mchanga ule lilichanganywa na makoleo matatu ya mchanga safi uliotoka machimboni, pamoja na simenti na jivu laini la kiwandani. Aliazima mashine ya mkono ya kufyatulia. Matofali yalitoka ya kijivu yenye weusi kidogo, yakapangwa chini ya magunia na kumwagiliwa maji siku ishirini na nane. Mengine sita aliyazamisha kwenye pipa la maji. Kila asubuhi yeye na Rodah waliinama juu ya pipa kuangalia kama juu ya maji kuna rangi rangi za mafuta. Siku za kwanza zilikuwepo kidogo, nyembamba kama ngozi ya maziwa. Siku ya tisa hazikuwepo tena.

"Umeona?" Oyoo alisema. "Imefungwa."

Wiki ya pili ya kazi Johana alitokea langoni, kofia mkononi. Tangu mchanga wa kona uharibike hakuwa na kazi, na alikuwa amekonda. Hakumtazama Rodah. Alimwambia Oyoo kwamba ana mikono, na anajua mchanga kuliko mtu yeyote hapa.

Oyoo alimgeukia Rodah. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye boma, na wote walijua Johana alisema nini barazani.

"Afanye," Rodah alisema.

Johana alifanya kazi kuliko walivyotarajia. Alifika kabla ya Oyoo, akachekecha bila kusimama, akabeba mchanganyiko kwa wilibaro mpaka mashineni. Lakini hakuingia jikoni kula. Rodah alimpelekea chakula nje, naye alikipokea kwa mikono miwili, akasema kongoi bila kuinua macho. Rodah alidhani ni aibu ya yale maneno ya barazani. Siku moja akamwambia, "Johana, ile ya baraza nimeiacha." Mzee akaweka kijiko chini. Midomo yake ilicheza kidogo, halafu akasimama, akaenda kushika koleo. Chakula kikabaki.

Rundo lilipungua. Kila siku Rodah aliliona likishuka, na kila siku alijiambia kwamba halipotei, linahama tu. Bado aliketi pale asubuhi, lakini sasa alikuwa na mazungumzo. Alimweleza Bethwel matofali yamefika mangapi, dirisha litakuwa wapi, Joan amesema nini. Alinunua pazia dogo la maua siku ya soko, akaliweka ndani ya sanduku.

Mwisho wa mwezi wa tano, Oyoo alifunga matofali sita kwenye gunia, akayapeleka Kericho yakapimwe kwenye mashine ya kuvunjia. Alirudi baada ya siku mbili, mchana, kwa miguu kutoka barabarani. Rodah alikuwa akichuma karibu na njia. Alimwona anavyotembea, akajua.

Oyoo hakuzunguka. Aliketi kwenye ukingo wa shamba, na Rodah akasimama mbele yake na kikapu mgongoni.

"Madam Amolo amevunja yote sita," alisema. "Ni nguvu, lakini si nguvu ya ukuta wa kubeba paa. Mafuta inaipunguza. Anasema inatosha kabro za kutandika chini, njia ya kukanyaga, ukuta mfupi wa nje. Si nyumba."

"Ongeza simenti."

"Nilimwambia hivyo. Si nguvu peke yake, mama. Nilimuuliza mtoto akilala ndani. Akaniuliza mtoto wa miaka ngapi. Nikasema saba. Akasema hajui joto ikija ukuta itatoa hewa gani, na kama hajui, hawezi kuniruhusu. Akaniambia, fundi, wako angeweza kulala humo?"

"Hata chumba kimoja?"

"Hata kimoja. Ningejua mapema ningekuambia. Niliongea haraka, mama. Hiyo ni makosa yangu."

Rodah aliangalia bondeni, huko ambako matofali yalikuwa yamepangwa mistari kwa mistari. Yalikuwa zaidi ya elfu mbili. Rundo lenyewe lilibaki kama kitanda kimoja. Mchanga uliochekechwa ukachanganywa na simenti haurudi kuwa mchanga. Alikuwa ameutoa kwa mkono wake mwenyewe, koleo kwa koleo, ili apate nyumba, na sasa hakuwa na nyumba wala mchanga.

"Haikuwa makosa yako," alimwambia Oyoo. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Kisha alivua kikapu, akakiweka chini vizuri majani yasimwagike, akaketi karibu yake. Walikaa hivyo mpaka ng'ombe alipoanza kulia akitaka maji.

Joan alipopigiwa simu alisema, "Sawa, mama." Halafu akasema tena, "Sawa." Hakulaumu. Ingekuwa afadhali kama angelaumu.

Siku iliyofuata Oyoo hakuja. Alikuwa na kazi kwingine, au alikosa uso. Johana alikuja peke yake. Alikuwa ameshasikia, kwa kuwa habari haikai upande ule. Rodah alimkuta amesimama kando ya kipande cha rundo kilichobaki, hana koleo.

"Kazi imeisha, Johana," alimwambia. "Nenda nyumbani."

"Mama Bethwel, keti kidogo."

"Nimeketi sana."

"Basi mimi nitaketi." Mzee aliketi chini, kwenye udongo wenyewe, miguu imenyooka kama mtoto. "Nilikuwa nasubiri nyumba iishe. Nilijiambia, mtoto akishaingia ndani, nitakuja nikuambie. Sasa hakuna nyumba, na siwezi kubeba tena."

Rodah alisimama palepale.

"Bethwel hakulala," Johana alisema. "Hakuna mahali alilala. Katikati ya barabara palikuwa na shimo la maji, akalikwepa, kama kila dereva. Alikanyaga ukingo, na ukingo ukashuka. Haukuwa na kitu chini, Mama Bethwel. Mchanga mzuri ulikuwa umeisha mtoni, nikawa nachimba kuingia ndani, chini ya barabara. Mwezi mzima. Nilikuwa nimetoka na kikapu tu, nikasikia dunia inaanguka nyuma yangu. Udongo ulifunika shimo langu lote. Hakuna mtu aliona. Watu walipokuja wakasema amelala, mimi nikanyamaza. Halafu nikaanza kusema pamoja nao."

Mbele ya nyumba kuku walikuwa wakichakura. Rodah aliwasikia waziwazi, kila ukucha.

"Ulikuwa pale," alisema.

"Nilikuwa."

"Alikuwa amekufa?"

Johana alitikisa kichwa. Alianza kulia sasa, bila sauti, maji yakimtiririka tu kwenye mikunjo ya uso. "Nilipanda nikafika kwa dirisha. Alinijua. Aliniita mzee Johana. Aliniuliza kama kuna mtu chini ya lori. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema, asante Mungu. Akaniambia nifukuze watu wasikuje na sigara wala moto, mafuta inamwagika. Nikapigia watu kelele wakae mbali. Halafu nikarudi nikamshika mkono kupitia dirisha. Haikuchukua muda."

"Alisema nini tena?"

"Hapana kitu."

"Usinifiche, Johana."

"Sikufichi. Alishika tu mkono. Alishika kwa nguvu, halafu akaacha."

Kwa miaka miwili Rodah alikuwa amejiuliza jambo moja kila alipolala: je, mtoto wake alikuwa peke yake? Sasa amejibiwa. Hakuwa peke yake. Alikuwa ameshikwa mkono na mtu aliyemuua, mtu aliyejua neno lake la mwisho na kulificha, akasimama barazani kuilaumu familia yake kwa uchafu. Alitaka kumpiga mzee yule. Alitaka pia kuushika ule mkono wake, wa kulia, uliokuwa pale juu ya goti lenye vumbi, kwa kuwa ndio uliokuwa wa mwisho kumgusa Bethwel. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Umenificha miaka miwili," alisema taratibu. "Chakula changu umekula hapa miezi mitatu. Nilikuambia nimeiacha ile ya baraza, na ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Nenda ukawaambie watu. Si mimi. Waambie kama ulivyoniambia, hata ile ya asante Mungu."

Johana alikwenda. Rodah hakuamini kwamba angefanya, lakini alifanya. Alianza kwa chifu, akaandikishwa maneno yake na askari, kisha Jumapili akasimama kanisani kabla ya sala ya mwisho, akayasema yote. Askari walimwachia aende nyumbani wakisema watamwita. Mpaka leo hawajamwita.

Wiki ile watu walianza kuja kwa Rodah. Walikuja wawili wawili, na sukari, na maziwa kwenye mitungi, na mikate. Walikaa sebuleni na kumwambia pole, kama watu wanavyoambiwa siku ya msiba. Mwanamke mmoja alilia mpaka akashindwa kuongea. Rodah aliwapikia chai na kuwashukuru wote. Alipowasindikiza langoni alihisi kuchoka kuliko siku ya mazishi yenyewe. Pole hizo zilikuwa za mwaka juzi. Alizihitaji wakati Joan alipokuwa bado ndani ya nyumba ile, wakati pengine mtu mmoja kuja na maziwa kungemfanya abaki.

Oyoo ndiye aliyeleta habari ya kituo cha majani. Wakulima walikuwa wameomba, kama mama atakubali, wakate yale matofali yawe kabro, wapige sakafu ya kituo. Pale watu walisimama kwenye tope mpaka vifundoni miezi yote ya mvua, wakisubiri lori la kiwanda. Madam Amolo alikuwa ameangalia, akasema kazi hiyo inafaa, mradi maji ya mvua yasielekezwe mtoni.

"Wachukue," Rodah alisema. "Yote. Na hiyo iliyobaki, fyatueni, mmalize."

"Nikuachie hata kidogo?" Oyoo aliuliza. Rodah hakuwahi kumwambia, lakini fundi alikuwa amemwona akiketi pale asubuhi nyingi, na hakuwa mjinga.

Rodah alifikiri. "Nikibakisha kidogo," alisema, "nitakuwa nachungulia mkebe mpaka nife. Chukua."

Walimaliza Ijumaa moja. Walikunja nailoni, wakafagia. Jumamosi asubuhi Rodah alikama ng'ombe, akaweka maziwa ndani, akatoka kama kawaida, miguu ikimpeleka yenyewe. Palikuwa na mahali peupe, pakavu, udongo umeshindiliwa. Alisimama. Alivuta pumzi mpaka ndani kabisa, mara tatu, nne. Ilikuwa harufu ya asubuhi tu: majani chai yenye umande, moshi wa jikoni kwa jirani, samadi. Akapiga magoti na kuweka uso karibu na udongo. Hakuna. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakukilia kaburini, paji la uso likiwa ardhini. Ng'ombe alimtazama kutoka bomani, na hakuna mtu aliyepita barabarani.

Joan alikuja na mtoto likizo ya mwezi wa nane, siku tatu. Chepngeno alikuwa amerefuka. Alikimbia juu ya ule msingi, akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, akiuliza kipi kilikuwa chumba chake. Rodah alimwonyesha. Mtoto akasimama pale katikati, akaangalia chai, akasema ni pazuri. Siku ya nne waliondoka.

Sakafu ya kituo imekaa vizuri. Maafisa wa kilimo walikuja kuiangalia, wakapiga picha, na Oyoo amepata kazi ya namna hiyo mahali pengine, kwa mwenye gereji ambaye mafuta yalimwagikia mchanga wake. Watu wanaweka vikapu chini bila kuvipaka tope. Johana huja na majani yake machache na kusimama pembeni. Rodah akipita, humsalimia, naye Rodah huitikia salamu. Haendelei zaidi ya hapo. Mchungaji amemwambia asamehe, na amejibu kwamba anajaribu, na ni kweli anajaribu.

Juzi mvua ilinyesha wakati wa kupima majani. Watu walijibana chini ya paa, juu ya kabro, wakicheka na kusukumana. Rodah alikuwa amesimama nje ya ukingo, kwenye matope, leso kichwani, kikapu chake mikononi.

"Mama Bethwel," mwanamke mmoja alimwita, "ingia ukanyage pakavu."

Walimwona ametazama chini, pale matope yalipoishia na kabro za mchanga wa Bethwel kuanzia. Aliinua mguu kidogo, kisha akaurudisha palepale.

"Niko sawa hapa," alisema.

Wakamwacha. Mvua iliendelea kunyesha, na karani akaita jina lililofuata.